AMANA YA WATOTO
Somo juu ya Kuwahifadhi Wanafunzi Wadogo Skuli, Chuoni na Katika Mtandao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaruzuku waja wake watoto, akawafanya kuwa pambo la nyumba na mtihani wa nyoyo. Sala na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Fahamu, ewe ndugu Mwislamu, ya kwamba mtoto si mali ya babaye, bali ni amana iliyowekwa mikononi mwake kwa muda. Wanazuoni wa fiqhi wameeleza katika mlango wa amana ya kuwa mtu aliyewekewa kitu hadaiwi kikipotea pasipo makosa yake, lakini hudaiwa akifanya taksiri katika kukihifadhi. Mathalan, mtu akiachiwa sanduku la dhahabu na jirani aliyesafiri, naye akaliweka barazani usiku likaibwa, haimfai kusema, "Si mimi niliyeiba." Ni kweli hakuiba, lakini ndiye aliyeacha. Basi ikiwa hukumu ya dhahabu ni hiyo, hukumu ya mwana iweje? Dhahabu ikipotea hulipwa kwa dhahabu nyingine, na mtoto hana mfano wa kulipwa kwake.

Somo hili ni juu ya watoto wa skuli za msingi, tangu wanapoanza kusoma herufi hata wanapokaribia kubaleghe. Lina mafungu sita, na mwisho wake masuali. Limeandikwa khasa kwa wanaume, kwa sababu wengi wao wamelidhania jambo hili kuwa kazi ya mama peke yake, nao wakatosheka na kulipa karo na kununua sare.

FUNGU LA KWANZA: MLANGO WA PILI WA NYUMBA

Nyumba ya mtu wa pwani ilikuwa na mlango mmoja, na mbele ya mlango baraza. Mgeni alikuwa hana njia ya kumfikia mtoto illa apite mbele ya wazee waliokaa barazani, wamtazame uso, wamjue ni mwana wa nani, na haja iliyomleta. Asiyekuwa na haja hakupita. Ulinzi huo haukuandikwa katika kitabu cho chote, lakini ulikuwako, na watoto wengi walikua salama chini ya kivuli chake.

Simu janja imetoboa mlango wa pili, na mlango huo hauna baraza. Apitaye huko haonekani uso wala hajulikani kabila. Mtu wa miaka 50 aweza kujiita mtoto wa miaka 10, akaweka picha ya mtoto, akasema maneno ya kitoto, akacheza na watoto katika michezo ya simu, na mwana aliyelala chumbani asijue. Na aliyeutoboa mlango huo mara nyingi ni baba mwenyewe, au mjomba aliyeko Maskati au Dubai, apelekaye simu kuwa zawadi ya Idi. Hakuna ubaya katika zawadi. Ubaya ni kumpa mtoto mlango na kutomwekea bawabu.

Kisha yakaja maradhi ya korona. Skuli za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi mwaka 2020, na madarasa yote hayakurejea mpaka Januari 2021. Katika muda huo walimu wengi walipeleka masomo kwa simu, na wazee wakawapa watoto simu ili wasibaki nyuma. Skuli zikafunguka, lakini katika nyumba nyingi simu haikurudi mkononi mwa mzee. Iliingia kwa jina la elimu, ikakaa kwa jina la mchezo.

Asidhani mtu kuwa masafa ni ngao. Katika nchi ya Kanada, msichana mmoja wa darasa la saba alihadaiwa mbele ya kamera ya kompyuta na mtu asiyemjua. Picha yake ikachukuliwa, kisha akatishwa kwa picha hiyo mara baada ya mara. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 2012, naye ana miaka 15. Aliyemtesa alikuwa mtu wa Uholanzi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mahakama ya Kanada ilimtia hatiani mwaka 2022, yaani miaka 10 baada ya msiba. Hukumu ilikuja, lakini mtoto hakurudi.

FUNGU LA PILI: MWENYE KUDHURU NI NANI, NA HUJAJE

Watu wakisikia khabari kama hiyo husema, "Hayo ni mambo ya Ulaya." Jumuiya za ECPAT, INTERPOL na UNICEF zilitoa uchunguzi wao juu ya watoto wa Kenya mwaka 2021, na juu ya watoto wa Tanzania mwaka 2022, wa miaka 12 hadi 17 watumiao mtandao. Katika yaliyodhihirika ni kwamba waliowadhuru watoto kwa njia ya mtandao mara nyingi ni watu ambao watoto waliwajua tangu mbele. Likadhihirika na la pili, lililo zito kuliko la kwanza: watoto wengi walinyamaza, na waliofikisha khabari zao polisi walikuwa wachache sana.

Basi adui si mgeni wa mbali tu. Huenda akawa jirani, au kijana wa bodaboda, au jamaa wa nyumbani, au mwalimu. Wala asidhani mtu kwamba wanaodhuriwa ni wasichana peke yao. Wavulana nao hudhuriwa, na wao hunyamaza zaidi, kwani tangu utotoni wamefundishwa kuwa mwanamume halii.

Njia ya mwenye hadaa ni moja, akiwa katika simu au akiwa nje ya lango la skuli, nayo ina daraja tano. Ya kwanza ni sifa: humwambia mtoto kuwa ni mzuri, ni hodari, hana mfano. Ya pili ni zawadi: bando la mtandao, au almasi za mchezo wa simu, au shilingi ya chipsi, au kubebwa bure kwa pikipiki. Ya tatu ni siri: "Usimwambie mamayo, hili ni letu mimi na wewe." Ya nne ni ombi: picha, au kuonana faraghani, au kumgusa. Ya tano ni kitisho: "Ukisema nitaitoa picha hii kwa watu wote, nitamwambia babayo, naye atakuua kwa kipigo."

Yafaa izingatiwe daraja ya tatu, kwa maana ndiyo shina la mti wote. Sifa na zawadi mtoto huzipata hata kwa watu wema, na mtu hawezi kumtilia shaka kila amsifuye mwanawe. Lakini mtu mzima mwenye nia njema hana haja ya kuweka siri na mtoto wa watu. Kwa hivyo mtoto na afundishwe kanuni hii moja, fupi, ahifadhi kama ahifadhivyo sura: mtu mzima akisema "usiwaambie wazee wako", hilo ndilo la kuwaambia kwanza.

FUNGU LA TATU: ULIMI WA MTOTO

Katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) mna funzo ambalo wazee wengi hulipita upesi. Yusuf alipokuwa mdogo aliota ndoto ya ajabu, ya jua na mwezi na nyota kumi na moja. Alimwendea nani? Alimwendea babaye. Na Nabii Yakub (a.s.) hakumcheka, wala hakumkaripia, wala hakumwambia kuwa ana shughuli. Alimsikiliza hata mwisho, kisha akamwonya kwa upole asiwasimulie ndugu zake, kwani alizijua nyoyo zao. Mtoto alijua ya kuwa kwa babaye maneno yake yana mahali pa kukaa.

Sasa na ajiulize kila baba: mwanawe akiona jambo la ajabu katika simu, au akiguswa mahali asipopasa kuguswa, atamwendea nani? Ikiwa kila aingiapo baba nyumbani watoto hutawanyika kama kuku walioona mwewe, basi jawabu imekwisha julikana. Mwenye hadaa naye aijua jawabu hiyo, na ndiyo silaha yake. Kitisho cha daraja ya tano hakina nguvu yake chenyewe. Nguvu yake yote imeazimwa kwa ukali wa baba. Mtoto ambaye ana yakini kwamba babaye atamsikiliza hawezi kutishwa kwa jina la babaye.

Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Tunis aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima yake kwamba ukali wa kupita kiasi huwadhuru wanafunzi, khasa wadogo: huondoa uchangamfu wao, ukawazoeza uvivu na uwongo na hila, kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Na Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka kumi tangu alipokuwa kijana mdogo, alitoa khabari kwamba katika muda wote huo hakupata kusikia kwake hata neno moja la kumguna. Basi upole si udhaifu wala si Uzungu, kama wasemavyo wengine. Ni mwendo wa Mtume mwenyewe.

Huenda mtu akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo ni ya kweli mahali pake, nayo yahusu kumzuia mtoto na lenye kumdhuru hata kama atalia. Yahusu kumnyang'anya simu usiku. Wala haisemi kuwa apigwe anapokuja kusema kweli. Mtoto aliyetenda kosa hurekebishwa. Mtoto aliyeleta khabari hushukuriwa, hata kama ndani ya khabari hiyo mna kosa lake.

FUNGU LA NNE: SITARA SI KUMFICHA DHALIMU

Hapa pana jambo ambalo miji ya pwani imelizoea, na kulisema ni uchungu. Mtoto anapodhuriwa, na aliyedhuru akawa ni jamaa, au tajiri, au mtu wa dini, wazee hukutana usiku, wakasema, "Mambo haya tuyamalize nyumbani. Tusijiaibishe." Fedha ikatolewa, au ahadi, mkono ukapeanwa, na fatiha ikasomwa. Kesho yake mtoto humwona mtu yule yule njiani, akiamkiwa kwa heshima. Na mtoto akajifunza somo moja ambalo hatalisahau: kwamba heshima ya wakubwa ni ghali kuliko mwili wake.

Wenye kufanya hivyo hutoa hoja ya sitara. Sitara ni katika tabia njema za Kiislamu, hakuna shaka. Lakini ni ya mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake, akajuta. Haikuwekwa kuwa pazia la mtu amdhuruye mwingine. Mtume (s.a.w.) alipofunza kuwa ndugu asaidiwe akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, alieleza ya kuwa kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhuluma yake. Basi kumficha siko kumsaidia. Ni kumwacha aende kwa mtoto mwingine. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wala aibu si ya mtoto. Aibu ni ya aliyetenda, na sehemu yake ni ya aliyejua akanyamaza.

Sheria za nchi nazo hazikuliacha jambo hili kwa wazee wa mtaa. Katika Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haikuwapa jamaa idhini ya kuyafuta mashtaka yaliyokwisha funguliwa. Uamuzi huo umewekwa kwa wakuu wa mashtaka wa serikali. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imetaja wazi kuwa ni kosa kumrairai mtoto kwa njia ya mtandao kwa nia mbaya, au kumpelekea machafu, au kumwonea na kumwandama huko. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyomfanya kila mtu katika jamii, ajuapo kuwa haki za mtoto zinavunjwa, awe na wajibu wa kupeleka khabari kwa serikali ya mtaa. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Zanzibar ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2011. Mwislamu aliyepewa na nchi yake mlango wa kuiondoa dhuluma hana udhuru wa kuufunga.

FUNGU LA TANO: YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, juu ya mwili. Katika Sura ya Nur Waislamu wameamrishwa wawafunze hata watoto wasiobaleghe kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, na wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya sala ya isha. Katika hadithi nayo mna agizo la kuwatenga watoto vitandani wafikiapo miaka kumi. Dini iliyomfunza mtoto kuiheshimu faragha ya wengine haikosi kumfunza kuwa naye ana faragha yake. Basi afunzwe majina ya viungo vyake kwa adabu, na ajue kuwa mahali panapositiriwa hapana ruhusa ya mtu kupatazama, wala kupagusa, wala kupapiga picha, illa mzazi kwa kumsafisha akiwa mdogo, au tabibu mbele ya mzazi.

Pili, juu ya simu. Mtoto wa skuli ya msingi haimpasi kuwa na simu iliyo yake peke yake. Na atumie ya nyumbani, ukumbini, mbele ya watu, wala asiingie nayo chumbani na kufunga mlango. Nyakati tatu zilizotajwa zafaa pia kuwa nyakati za kuipumzisha simu. Hilo si hukumu ya sharia, bali ni mpango mwema ulio rahisi kukumbukwa. Usiku simu zote za nyumba zilale chumbani mwa wazee.

Tatu, juu ya umri. Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kufungua akaunti ya kawaida. Asili ya mpaka huo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyozuia makampuni kukusanya khabari za watoto wa chini ya umri huo pasipo idhini ya wazee. Nchi ya Australia imepita hapo: tangu tarehe 10 Disemba 2025 mitandao mikubwa ya jamii imekatazwa kuwawekea akaunti walio chini ya miaka 16, na adhabu ni juu ya makampuni, si juu ya mtoto, nayo yaweza kufika dola milioni 49.5 za Australia. Lakini wako baba ambao huwaandikia watoto wao mwaka wa uwongo wa kuzaliwa ili wapate akaunti. Mtu huyo amefanya mabaya mawili: amemfunza mwanawe uwongo kwa mkono wake, na ameiambia mitambo kuwa mtoto ni mtu mzima, nayo ikamwondolea ulinzi uliowekwa kwa watoto na kumletea mambo ya watu wazima.

Nne, juu ya funguo. Katika WhatsApp, sehemu ya faragha, mna mahali pa kuchagua ni nani awezaye kumtia mtu katika makundi. Pakiachwa wazi kwa watu wote, mtu asiyejulikana aweza kuitia nambari ile katika kundi la machafu. Na pachaguliwe wale walioandikwa katika simu tu. Katika simu za Android iko programu ya Google iitwayo Family Link, nayo humwezesha mzee kuweka saa za kutumia simu na kukubali au kukataa programu kabla haijaingia. Michezo yenye nafasi ya kuongea na watu wasiojulikana, hiyo nafasi ifungwe. Neno la siri la M-Pesa asilijue mtoto. Walakini mitambo ni kufuli tu. Kufuli haisemi na mtoto, na mzee yampasa aseme naye.

Tano, juu ya picha. Baba humpiga mwanawe picha siku ya kufunga skuli, amevaa sare yenye alama ya skuli, amesimama mbele ya lango, akaitangaza kwa watu mia tatu. Kwa picha hiyo moja mgeni amejua uso wa mtoto, skuli yake, na njia yake ya kurudi nyumbani. Siku hizi ziko pia programu zinazoweza kuchukua picha ya mtu aliyevaa nguo na kuunda kwayo picha ya uchi ya uwongo. Furaha si haramu. Na ipelekwe kwa nyanya na shangazi, isitundikwe sokoni.

Sita, juu ya skuli na chuo. Baba na amjue mwalimu wa mwanawe kwa uso, ajue njia ambayo mtoto huipita, na ni nani amchukuaye ikiwa hupanda tuktuk au bodaboda. Na aulize skulini: Je, mwalimu hubaki na mtoto mmoja katika chumba kilichofungwa? Vyoo vya wasichana na wavulana vimetengwa, vina komeo? Mtoto akionewa na wenziwe, humpelekea nani mashtaka? Tume ya kuajiri walimu ya Kenya (TSC) ilitoa waraka nambari 3 wa mwaka 2010 juu ya kuwahifadhi wanafunzi na madhara ya kingono. Mwalimu ajuaye jambo hilo kwa mwenziwe akalinyamazia, naye huwa na makosa. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza mwanafunzi kuteswa mwili au roho.

Masuali hayo hayo yaulizwe chuoni. Wako watu wanaoona haya kumwuliza mwalimu wa Qurani, wakidhani kuwa kuuliza ni kumtuhumu. Sivyo. Mweka hazina wa msikiti huonyesha hesabu kila mwaka, wala hakuna amwitaye mwizi. Hesabu ndiyo imhifadhiyo. Kadhalika mwalimu mwema, mlango wake ukiwa wazi na dirisha lake likitazama njiani, huhifadhiwa yeye na wanafunzi wake pamoja. Apendaye heshima ya vyuo ndiye wa kwanza kutaka viwe na nidhamu hiyo.

FUNGU LA SITA: LIKITOKEA LA KUTOKEA

Mtoto akileta khabari mbaya, la kwanza ni kutulia. Na aambiwe maneno matatu: "Ninakusadiki. Si makosa yako. Umefanya vyema kusema." Asiulizwe mara kumi na watu kumi, kwani kila kuulizwa ni jeraha jipya, wala asikutanishwe na aliyemdhuru ili "wasameheane".

La pili, ikiwa amedhuriwa mwilini, apelekwe hospitali upesi. Iko dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, nayo hufaa ikianzwa kabla ya kupita saa 72, na kila ikianzwa mapema ni bora. Mama wengi kwa huruma humwogesha mtoto na kufua nguo zake kwanza. Jambo hilo hufuta ushahidi. Asioshwe kabla ya kutazamwa na tabibu, na nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kazi hiyo. Zanzibar viko vituo vya mkono kwa mkono, navyo huweka pamoja tabibu, polisi na mshauri.

La tatu, ikiwa jambo limetokea katika simu, maneno yasifutwe. Iandikwe nambari ya mtu yule, jina la akaunti, tarehe na saa, kisha azuiwe asiweze kupeleka tena. Asilipwe fedha hata moja, kwani alipwaye mara moja hurudi mara ya pili. Picha ya aibu ya mtoto isipelekwe kwa mtu ye yote, hata kwa nia ya kuonya. Kuieneza ni kosa la sheria na ni kumdhulumu mtoto upya. Simu yenyewe ipelekwe polisi. Iko pia huduma ya bure ya Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na shirika la NCMEC la Marekani, kwa picha za walio chini ya miaka 18: picha yenyewe haitoki katika simu, hutolewa alama yake ya tarakimu tu, na makampuni yaliyoshiriki huitumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa.

La nne, khabari ifikishwe. Kenya na Tanzania, pamoja na Zanzibar, nambari ya msaada wa watoto ni 116, nayo haina malipo, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Basi na aihifadhi, kama ahifadhivyo jina la babaye na mtaa wake. Katika vituo vya polisi vya Tanzania liko Dawati la Jinsia na Watoto. Na katika Kenya wako maafisa wa watoto wa serikali katika kaunti ndogo.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Je, si bora kumkataza mtoto mtandao kabisa?
Jawabu: Katika nyumba ya babaye aweza kumkataza, katika simu ya mwenziwe hawezi. Mtoto asiyefunzwa kuogelea hahifadhiki kwa kufichwa bahari, naye amezaliwa pwani. Huanzwa majini mafupi, mkono wa baba ukiwa chini ya kifua chake.

Suali: Kumtazamia mtoto simu yake si kumpeleleza, na upelelezi umekatazwa?
Jawabu: Upelelezi uliokatazwa ni kutafuta aibu za watu ili wafedheheke. Mlinzi wa amana hatafuti aibu. Walakini na amwambie mtoto mapema kuwa simu itatazamwa, asimvizie. Na kila azidipo miaka na akili, azidishiwe uaminifu.

Suali: Baba aliye safarini, baharini au Arabuni, atafanyaje?
Jawabu: Simu ile ile iletayo hatari huleta sauti ya baba. Na aseme na mwanawe mwenyewe kila wiki, si na mama tu, amwulize: "Ni jambo gani lililokufurahisha, na ni lipi lililokuchukiza?" Kisha asikilize. Na amwachie mtu mwaminifu, amtaje kwa jina, ambaye mtoto atamwendea jambo likitokea.

Ewe Mola, uliyemrudisha Yusuf kwa babaye baada ya kupotea, wahifadhi watoto wa Waislamu na watoto wa watu wote na shari za wazi na za siri. Zilainishe nyoyo za baba kwa wana wao, na uzifungue ndimi za wana kwa baba zao. Na umpe aliyedhulumiwa subira na haki. Amina.